Magamba ya Mninga

Ukifika mwaloni Nkome, kwenye ufuko wa wavuvi, ukauliza mama Kalisti anakaa wapi, hutaonyeshwa nyumba, utaonyeshwa mtu. "Yule pale, anayegombana na kunguru." Na kweli utamkuta Bernadina amesimama katikati ya dagaa walioanikwa, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ufito, akiwaambia kunguru maneno ambayo wenye watoto wadogo hawapendi yasikike.

Hakuzaliwa ziwani. Kwao ni Ibadakuli, Shinyanga, nyumba ya ng'ombe na mtama, ambako maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya lambo wakati wa masika. Maduhu alipokwenda kumposa, wajomba walicheka. Binti wa ng'ombe ataolewaje na mtu wa samaki? Huko atakunywa maziwa ya nini, ya sangara? Bernadina alikuwa jikoni anasikia. Akatoka na ugali, akautua mbele ya yule mgeni, akasema, "Kula, tuondoke." Haikuwa desturi binti kusema hivyo, na mahari ilikuwa bado haijatajwa yote. Lakini waliomjua walijua kwamba mazungumzo yamekwisha, yaliyobaki ni kutafuta njia ya kuyafunga kwa heshima.

Maduhu alikuwa mvuvi na fundi wa mitumbwi yake mwenyewe. Mbao za mvule alizichagua kwa kuzigonga na kuzinusa, akazipinda, akaziunga, na kwenye maungio akasokota pamba ya shambani na kuisindilia mpaka nuru isipenye. Mtumbwi ukiisha hakuutia ziwani moja kwa moja kama watu wenye haraka. Aliuzamisha ukingoni, akaujaza mawe, ukalala majini mpaka mbao zikavimba na kubanana zenyewe kwa zenyewe. Hapo ndipo aliposema, "Umekunywa." Mtumbwi ambao haujakunywa hakuupanda, hata wenzake wawe wameshatoka na wanarudi na samaki.

Miaka ikaenda. Mvule ukawa wa kutafuta kwa tochi. Mtumbwi wa mwisho ukaoza tumbo, ukapasuliwa kuni za kukaushia sangara, na Maduhu akakaa. Watu husema mzee amepumzika, lakini Bernadina alijua kupumzika na alijua kukaa. Kaka yake Maduhu naye alikaa hivyo hivyo alipoacha ziwa. Alianza kwa kuacha chakula nusu, akaja kuacha maneno nusu, na kabla mahindi ya msimu ule hayajakauka walikuwa wamekwisha kumzika. Hakuna ugonjwa uliotajwa. Sasa Maduhu naye alikuwa ameanza kubakiza ugali.

Ndipo Kalisti, mtoto wao anayefanya kazi ya kuziba matangi na mabodi ya magari kule Kambarage mjini Shinyanga, alipoleta boti. Ilikuwa boti ya faiba, iliyokwisha kutumika kwenye bwawa la mgodi fulani, yeye akaitengeneza ikawa nzima. Aliileta juu ya Fuso. Nyeupe, laini, inateleza kama yai lililomenywa. Mwalo mzima ulikusanyika. Watu wakaipapasa, wakaisifu, wakamwambia Bernadina amezaa.

Maduhu akaja taratibu. Akaizunguka. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, boti ikatoa sauti ya ndoo tupu.

"Beseni," akasema. Akamshukuru mwanawe kwa kumpa mkono, akarudi nyumbani.

Kalisti aliondoka na Fuso yake kichwa chini. Jioni ile Bernadina hakungoja hata mume anawe.

"Baba Kalisti, mtoto kahangaika."

"Nimemshukuru."

"Umemshukuru kwa mdomo. Ziwani unakwenda lini?"

"Kwenye beseni? Beseni ni la kuogeshea mtoto. Mimi bado sijarudi utotoni."

"Wenzako wanavulia hizo hizo."

"Waache wavulie." Maduhu alikuwa akitazama mikono yake. "Mbao ina ngozi, mama Kalisti. Ukiishika inakushika. Ikiingia majini inakunywa, inatulia, inakuwa mwenzako. Ile haina ngozi. Ina rangi tu."

Akasukuma sahani pembeni, na kilichobaki kwenye sahani kilikuwa kingi kuliko kilicholiwa. Bernadina akakitazama kile chakula muda mrefu. Kama kinachokosekana ni ngozi, akawaza, basi ngozi itawekwa. Nani amesema haiwekwi?

Asubuhi alikuwa kwa Pantaleo. Huyu ni seremala wa pale pale Nkome, mtu mpole, anatengeneza vitanda, makabati na majeneza. Majeneza ya wenye uwezo huyatengeneza kwa mbao za bei ndogo, halafu juu yake hubandika mninga uliochanwa mwembamba sana, karibu sawa na ngozi ya ngoma, ambao yeye huuita maganda. Ukilitazama jeneza utadhani ni mninga mtupu.

"Pantaleo, yale maganda yako ya kubandika kwenye majeneza unayo?"

Pantaleo akaweka randa chini, akavua kofia. "Pole sana, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. " Nani amefariki?"

"Hajafariki. Ndiyo maana nimekuja mapema."

Ilimchukua Pantaleo muda kuelewa, na alipoelewa alicheka, na alipoona mwenzake hacheki akanyamaza. Alisema hajawahi kubandika mbao juu ya faiba. Bernadina akasema hata yeye hajawahi, kwa hiyo hakuna atakayemcheka mwenzake. Pantaleo akasema ataharibu maganda mazuri. Bernadina akasema dagaa wa kitoweo nyumbani kwake hawatakosekana mpaka wajukuu wake waote meno. Mwisho Pantaleo akakubali, nusu kwa dagaa na nusu kwa sababu mama Kalisti alikuwa amesimama mlangoni na mteja mwingine hawezi kupita.

Waliigeuza boti kifudifudi juu ya magogo, chini ya banda la makuti la kukaushia nyavu. Pantaleo akaleta maganda na gundi ile ya makopo mawili, ambayo usipoichanganya sawasawa haishiki na ukiichanganya sawasawa haiachi. Alipogeuka kutoka kwenye makopo yake alikuta Bernadina ameyachukua maganda yote na kuyazamisha ziwani, mawe juu.

"Mayu! Unafanya nini?"

"Nayanywesha."

"Gundi haipendi maji. Ganda linatakiwa kavu, kavu kabisa."

"Wewe mbao zako zinakwenda ardhini. Hii inakwenda ziwani. Umeona wapi mbao inakwenda ziwani bila kunywa? Nimelala na fundi wa mitumbwi tangu wewe hujazaliwa, Pantaleo. Mbao kabla ya kupindwa inaloweshwa, kabla ya kwenda kuvua inanyweshwa. Bandika."

Pantaleo alitazama ziwa, akatazama gundi. Angeweza kukataa, lakini alilelewa vizuri. Wakabandika maganda mapana, mabichi, yakalala juu ya faiba laini bila ubishi. Bernadina akarudi nyuma hatua kadhaa, akaona boti imekuwa ya kahawia kama mtumbwi wa zamani, moyo wake ukatulia.

Jua la kesho yake lilipopanda, maganda yalianza kuinuka. Kwanza pembeni, baadaye katikati yakafura malengelenge, halafu yakajikunja moja baada ya jingine kama michembe ya viazi iliyoanikwa juu ya mwamba. Adhuhuri mengine yalikuwa yameanguka mchangani yenyewe.

Marwa alikuwa anapita. Marwa ni nahodha, mtu wa Mara, kifua kama pipa, sauti yake inafika mwalo wa pili. Akasimama, akaita wenzake.

"Njooni muone! Boti ya mama Kalisti inabambuka magamba! Au ni kuku ananyonyoka?"

"Marwa," Bernadina akajibu bila kugeuka, "kichwa chako kilinyonyoka mwaka juzi, nani alikucheka?"

Wavuvi wakacheka, na safari hii kicheko kilimwangukia Marwa. Lakini kilipokwisha, Bernadina alibaki ameshika ganda moja lililojikunja. Nyumbani Maduhu alikuwa hajaamka mpaka jua la saa nne. Zamani jua la saa nne humkuta amekwisha kupima samaki.

Simu ikalia. Kalisti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nasikia imebanduka."

"Nani kasema?"

"Marwa kanipigia."

"Marwa ana salio la kuchezea."

"Mama, sikiliza. Faiba ina utelezi usoni, kama nta. Lazima uiparue na msasa mpaka ising'ae kabisa, halafu uipanguse na tina, ile ya kuyeyushia rangi. Mbao iwe kavu. Tena maganda mapana hayatakubali, maana tumbo la boti limepinda kwenda chini na limepinda kwenda mbele pia. Yachane membamba. Na uyawekee uzito juu mpaka gundi iume."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya. Wasalimie wajukuu."

Akakata. Mtoto aliyembeba mgongoni leo anamfundisha kazi! Alitembea mpaka kwenye dagaa zake, akawatukana kunguru ambao siku hiyo hata hawakuwa wamefika, akarudi. Kesho yake asubuhi alikuwa dukani ananunua msasa.

"Nimefikiria," alimwambia Pantaleo. "Tuiparue kwanza. Na mbao iwe kavu."

"Ni wazo zuri, mayu," akasema Pantaleo. Hakusema zaidi ya hapo, na kwa hilo Bernadina anamheshimu mpaka leo.

Kuparua faiba si kuparua samaki. Vumbi lake ni laini kama unga na linawasha kama upupu, linaingia kwenye mikunjo ya shingo, linakaa. Bernadina alijifunga kanga puani na kichwani yakabaki macho, akaparua. Pantaleo alisema atafute vijana. Alimjibu kwamba vijana wanaparua wakitazama simu. Akaendelea, upande mmoja, upande wa pili, mpaka weupe ule uliokuwa unang'aa ukafifia ukawa kama jivu.

Jioni akioga alijisugua kwa mchanga na bado alijikuna.

"Unafanya kazi gani huko inayowasha hivyo?" Maduhu aliuliza kutoka alipokaa.

"Kazi ya kuolewa na wewe."

Maduhu hakuuliza tena. Alikuwa anajua. Nkome hakuna jambo la mwaloni lisilopanda mlimani kwenye nyumba kabla ya waliolifanya. Lakini alikuwa ameamua kutojua, na kwenye kuamua mambo ya namna hiyo wale wawili walikuwa wamekutana.

Safari hii maganda yaliwekwa juani mpaka yakalia kama karatasi yakigusana. Pantaleo akayachana vipande vyembamba, upana wa vidole vitatu hivi. Uzito wa kuweka juu ulikuwa shida kidogo. Mchanga wa ziwani ulikuwepo tele, lakini una unyevu, na sasa Bernadina alikuwa adui wa unyevu kuliko Pantaleo mwenyewe. Shemeji yake Pantaleo, mtu wa makarasha ya kusagia mawe upande wa Geita, akawaletea viroba vya marudio, ule mchanga unaobaki wachimbaji wakishaosha dhahabu yao. Ni mkavu, mlaini na mzito.

"Sasa boti imelalia dhahabu," Marwa akasema akipita. "Kesho mtatukataza hata kuisogelea."

"Wewe hata leo nimekukataza," Bernadina akamwambia. "Hujasikia tu."

Alianza kubandika mbele, kwenye pua ya boti, akaenda akirudi nyuma. Ganda moja, ncha ya linalofuata ikalalia juu ya mkia wa lililotangulia, kiroba juu. Kila kiroba kilipoondolewa, ganda lilikuwa limebaki pale pale. Alilivuta kwa kucha, halikuja. Alilipiga kofi, likatoa sauti nene. Upande mmoja ukajaa. Jua likawaka siku nzima na hakuna kilichoinuka. Watu waliokuwa wanapita wakicheka sasa walipita wakitazama.

Marwa naye alitazama. Aliinama, akapitisha mkono kwenye ubavu wa boti, akakunja uso. Akataka kusema, akamtazama Bernadina, akaghairi. Akapandisha njia ya kwenda kwa Maduhu.

Haukupita muda mrefu. Bernadina aliinua macho, akamwona mumewe anashuka. Alikuwa anakuja na bakora yake, pole pole, akiweka mguu kama mtu asiyeamini ardhi. Nyuma yake Marwa alikuwa anatazama huku na kule kana kwamba amepoteza kuku. Maduhu alikuwa hajashuka ile njia tangu siku ya Fuso.

Akafika. Hakusalimia mtu.

"Nani ameanza mbele?"

Pantaleo akainua kopo la gundi akalisoma maandishi, kwa bidii.

"Nauliza. Nani ameanza kubandika mbele akaelekea nyuma?"

"Mimi," akasema Bernadina. "Kuna nini?"

Maduhu akaweka kiganja kwenye pua ya boti, akakipitisha kuelekea nyuma. Kila kwenye maungio kucha zake zilikwama, kwaru, kwaru, kwaru. Akarudisha kiganja kutoka nyuma kwenda mbele. Kikapita kimya.

"Umesikia?"

"Nimesikia unakwaruza boti yangu."

"Mama Kalisti, samaki magamba yake yanalala kuelekea wapi?"

Bernadina akayatazama maungio. Alikuwa amekwisha kuona.

"Mkiani," Maduhu akajijibu, sauti ikipanda. "Maji yakija mbele yanateleza yanapita. Wewe umeparua sato mpaka umezeeka, halafu unatengeneza samaki anayeogelea kinyumenyume! Kila kimdomo hapa kinatazama mbele, kimefunguka, kinangoja maji yaingie. Wiki moja ziwani, ngozi yote imechunika. Na watu watasema nini? Watasema, ile boti ya Maduhu!"

Uso wa Bernadina ulimwaka. Mbele ya Marwa, mbele ya Pantaleo, mbele ya wanawake wenzake wa dagaa! Alikuwa na neno lake tayari, neno la kumrudisha mtu kwao. Lakini alipofungua mdomo alimwona Maduhu amesimama bila kuegemea ile bakora. Aliishika kama fimbo ya kuonyeshea kazi. Na sauti ile, ile ya kuwafokea vijana wake wa zamani nyavu zikinasa, alikuwa ameisahau kabisa.

Akalimeza lile neno, akatoa jingine.

"Aliyejua yuko nyumbani anahesabu sisimizi. Mimi nimeweka ninavyojua. Kama hupendi, acha hivyo hivyo."

"Nipe patasi."

"Ya nini?"

"Nipe patasi, nimesema!"

Pantaleo akampa haraka kabla mama hajajibu. Gundi ilikuwa imeuma kama kupe, kwa hiyo kubandua hakukuwezekana. Maduhu akaanza kuvichonga vile vimdomo, kimoja kimoja, akivishusha mpaka vikawa sawa na mwili wa boti. Jua lilipoinama alikuwa bado anachonga, na Bernadina alikuwa nyuma yake na msasa, analainisha alipopita, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno jema hata moja.

Kuanzia hapo Maduhu alishuka kila siku. Upande wa pili ulianzwa nyuma, tena ukaanzia kwenye mkuku, ule mgongo wa chini wa chombo, ukateremka kuelekea ukingo. Alibishana na Pantaleo juu ya kila ganda, mistari yake ilale hivi, isilale vile. Alimfukuza Marwa kwa kukaa kwenye mwanga, kisha akamwita arudi ashike kiroba. Nyumbani alikula akimaliza, akaomba mchuzi. Bernadina alimwongezea bila kusema kitu, maana alijua ukisifia jambo la namna hiyo linakimbia.

Ikabaki kupaka. Ile gundi ya makopo mawili, nyepesi kidogo, ilipakwa juu ya mninga kwa brashi, ikakauka, ikapakwa tena. Mistari ya mbao ikatokeza, nyekundu na ya dhahabu, kama imelowa maji na haikauki. Maduhu alikuwa anaitazama kwa kuridhika, halafu kitu kikamjia.

"Pantaleo. Hii ikikauka, mbao itakunywa?"

"Hainywi, mzee," akasema Pantaleo kwa furaha. "Imefungwa kabisa. Tone haliingii. Ikinywa ujue imeharibika."

Maduhu akakipangusa kiganja kwenye suruali. Akachukua bakora yake, safari hii akaiegemea, akapanda mlima. Kesho yake hakushuka. Keshokutwa hakushuka.

"Hukuweza kusema hujui?" Bernadina alimwambia Pantaleo.

"Mayu, aliniuliza."

"Ndiyo, alikuuliza! Mtu akiuliza lazima umjibu?"

Akakaa juu ya kiroba cha marudio, akaegemeza kidevu mkononi. Alijua hapo hakuna ujanja wa maneno. Chombo ambacho hakijanywa Maduhu hakipandi, na chombo hiki kikinywa kinakufa. Aliizungusha ile kazi kichwani, huku na huku, akitazama ndani ya boti ambayo sasa ilikuwa imegeuzwa imekaa vizuri. Viti vyake vya faiba vilivyovunjika tangu bwawani Kalisti alikuwa ameving'oa. Ilikuwa bado inangoja ubao wa kukalia.

Akainuka, akaenda kwa Marwa.

"Una mvule."

"Nani kakwambia?"

"Nyuma ya choo chako, umeufunika kwa turubai. Ubao mmoja, wa ule mtumbwi wako wa zamani. Naomba."

"Mama Kalisti, wewe unajua hata nyuma ya choo changu!"

"Mwalo mzima unajua. Utanipa au hunipi?"

Akapewa, tena Marwa akaubeba mwenyewe begani. Pantaleo akaupima na kuukata uingie kwa kubana kidogo kati ya mbavu mbili za boti. Halafu Bernadina akauchukua ukiwa mtupu, haujapakwa kitu, akauzamisha ukingoni mwa ziwa. Akaweka mawe juu. Akaenda kuanika dagaa zake mahali ambapo anauona. Watoto waliokuja kuogelea pale walijua siku hiyo kwamba kunguru huwa wanavumilia mengi.

Ubao uliponenepa ukawa mweusi, aliwaita Pantaleo na Marwa wakaugongomea mahali pake ukiwa unachuruzika. Hawakutia msumari. Ulikuwa umevimba ukajibana wenyewe.

"Kesho asubuhi boti inashuka," alimwambia Maduhu nyumbani.

"Ishusheni."

"Imekunywa."

"Haiwezi kunywa. Pantaleo kasema."

"Pantaleo anajua majeneza."

Maduhu alimtazama. Asubuhi alisema anakwenda kuutazama huo uongo kwa macho yake, asije akasimuliwa. Wakashuka pamoja, mke mbele.

Watu walikuwepo, si haba. Maduhu akapapasa ubavu wa boti. Mkavu, laini, umefungwa. Akatikisa kichwa.

"Iko wapi iliyokunywa?"

Bernadina akaonyesha ndani. "Hapo utakapokaa."

Maduhu akainama juu ya ukingo. Akauona ule ubao. Akauminya kwa dole gumba, maji yakatoka pembeni ya kucha. Akaugonga, ukajibu kwa sauti nzito. Akajaribu kuusukuma, haukusogea.

"Kwa hiyo chombo hakijanywa," akasema mwishowe. "Kiti ndicho kimekunywa."

"Chombo kimevaa, kiti kimekunywa, na wewe umekunywa uji. Nani bado?"

Kicheko kilianza kwa Pantaleo, kikaruka kwa wanawake wa dagaa. Maduhu alijitahidi asicheke, mashavu yakamsaliti. Akamkabidhi Bernadina bakora. Marwa akamshika mkono mmoja, akapanda, akakaa. Mara akaruka.

"Imenilowesha suruali yote!"

"Si ulitaka kinywe?"

Wakaisukuma. Marwa akachukua kasia la nyuma, Maduhu akashika la mbele. Boti ikateleza ikiacha mstari mwembamba, na mninga wake ukawaka juani, ubavu wa mume ukiwa upande huu, ubavu wa mke upande ule. Bernadina hakukaa kutazama. Dagaa zilikuwa hazijageuzwa.

Walirudi jua likiwa utosini, na sato wachache chini ya miguu yao. Maduhu alishuka akiwa anasema.

"Nyepesi mno! Inacheza kama mbuzi. Mbele inataka uzito, niwekee jiwe, hapana, nitaweka nanga hapo. Na kasia za Marwa ni fupi. Halafu mama Kalisti, kuna ganda karibu na pua limeanza kuinua mdomo."

"Ubavu wangu au wako?"

"Wako."

"Hebu nione." Akaliona. Ni kweli, ncha ilikuwa imeinuka, kidogo sana, kiasi cha kuingiza ukucha. "Nitalishughulikia nikimaliza dagaa."

"Ukimaliza dagaa lini? Kesho tunatoka mapema. Hilo linahitaji gundi leo ili liume."

"Basi msasa upo pale, na mkono unao."

Maduhu akanung'unika. Akasema mtu akifanya kazi vibaya ni wengine wanaoteseka. Akauchukua msasa, akaparua ile ncha, akaipuliza vumbi, akaikagua kwa jicho moja. Kisha akashika njia ya kwa Pantaleo kutafuta gundi, suruali yake bado imelowa nyuma, akimpigia Marwa kelele kwamba asiiguse ile boti mpaka arudi.

"Baba Kalisti!" Bernadina akamwita. "Chakula kiko tayari, njoo ule kwanza!"

Akajibu bila kugeuka kwamba atakula akirudi, kwanza wamwache afanye kazi.